Mwalimu Hasselbach, Aliyemtungia Diwani Noti Moja

Tarehe 31 Julai, Mwalimu Irmtraud Hasselbach anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Muziki ya Ellernbach kwa miaka thelathini na minne. Ametunga nyimbo mia mbili na kumi na moja, nyingi akiwa jikoni, keki ya tufaha ikiungulia kwenye tanuri.

Baba yake, mwoka mikate, alitaka bintiye arithi duka. Binti akaenda Leipzig kusomea utunzi. Alipotufikia alikuta wanafunzi kumi na mmoja na piano iliyokuwa bubu kwenye noti tatu. Hakulalamika. Alitunga wimbo usiozihitaji noti hizo, na watoto wakauimba mpaka fundi alipopatikana.

Mwaka wake wa kumi na tatu, baraza la mji lilitaka kuifunga shule yetu. Diwani Gernot Wiechmann, mwenyekiti wa kamati, alikuja kukagua majengo siku ya Alhamisi, kwaya ya watu wazima ikiwa mazoezini. Sisi wengine tulinywea. Mwalimu akamwonyesha kiti kitupu katikati ya waimbaji wa besi.

"Mimi siimbi, Bi Hasselbach. Nilipokuwa shule niliambiwa nifumbe mdomo, naharibu kwaya."

"Na nani?"

"Mwalimu wa muziki."

"Basi sisi ndio tuliokukosea. Keti, bwana. Toa sauti yoyote uliyo nayo."

Diwani akanguruma. Mwalimu akaitafuta ile sauti kwenye piano, akaipata.

"Hiyo hiyo. Usiende popote, sisi ndio tutakuzunguka."

Wiki ile alitunga wimbo wa sauti tano, na ya tano ilikuwa noti moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Diwani alihudhuria mazoezi yote. Siku ya onyesho alisimama na tai yake nyekundu, akaishikilia noti yake kama mtu aliyeshika ngazi wenzake wapande. Mkewe, aliyekuwa safu ya pili, alicheka huku akifuta machozi.

Kura ilipigwa Jumanne iliyofuata. Tulinusurika kwa kura moja, na ilikuwa ya mwenyekiti. Wenzake walipomuuliza kulikoni, alijibu, "Alhamisi nina mazoezi."

Leo tuna wanafunzi mia tatu na arobaini. Wanaojiona hawana sauti ndio anaowapokea kwanza.

Sasa ameamua kujifunza tarumbeta, na mimi ndiye nitakayemfundisha. Juzi alijaribu mara ya kwanza; paka wa mlinzi hajarudi hadi sasa. Nilipomwambia safari ni ndefu, aliniambia, "Afadhali. Ningechoka kukaa."

Mwalimu, asante kwa kila aliyefumba mdomo nawe ukamfumbua. Pumzika vyema, uishi miaka mingi kwa furaha na afya. Majirani zako tunawaombea subira.