Papa Lambert Uvoya: Kutoka Namba ya Nyekundu ya Ngezi Mpaka Nyumba ya Mizani

Papa Lambert Uvoya amefanya kazi miaka makumi tatu na saba katika biro yetu, ile yenye kulinda majengo na mahali pa zamani hapa Bunia. Aliingia mwezi wa tatu, mwaka 1988. Anatoka kwa pumziko tarehe 31 mwezi wa kumi, mwaka 2025, saa ya kufunga, na funguo ya kabati ataiacha juu ya meza. Nitakuwa pale ninaangalia.

Wakubwa walisema maneno haya yaandikwe na mutu mwenye alimuona kutoka siku ya kwanza. Wakatafuta katika biro yote, wakakuta wengine wote walikuja juzi. Nilibaki mimi tu, Mama Gertrude, mwenye kufagia na kupika chai. Mimi nilimutangulia hapa miaka mbili, lakini mimi hawanipumzishi, juu hakuna mutu anajua mwaka nilizaliwa. Sikusoma. Ninasema, Joëlle wa sekretaria anaandika, na nimemukataza kupamba.

Alipoingia, inchi ilikuwa inaitwa Zaire, na siye hatukuwa jimbo bado. Karatasi zetu zilikuwa zinaenda mpaka Kisangani, na kurudi ilikuwa bahati. Papa Lambert alikuja na shati nyeupe, kalamu tatu katika mufuko, na miguu mirefu sawa ya korongo. Nilisema katika roho yangu, huyu hatafika Noeli. Basi, Noeli zimepita makumi tatu na saba, na ile shati iko naye bado, ametia viraka mbili kwa kola.

Kwa wenye hawajue kazi yake, niseme. Kuna nyumba zenye muji ukizipoteza, haujijue tena. Mutu wa biro anaenda, anapima ukuta, anapiga foto, anatafuta wazee watatu wenye wanaijua ile nyumba, wanasema historia yake na kutia mukono ao kidole. Yote inaingia katika dosiye, dosiye inapanda kwa wakubwa. Wao wakitia mukono, nyumba imeingia katika liste. Kutoka siku ile hakuna wa kuivunja, hata mwenyewe mwenye nyumba, hata kutoa dirisha moja bila ruhusa. Papa Lambert aliingiza makumi mbili na mbili: kanisa, daraja, makaburi, chumba kimoja cha masomo chenye dari ya mbao. Unaona ni kidogo? Enda weye utafute mukono wa mukubwa mumoja juu ya karatasi moja, kisha urudi hapa tusemezane.

Lakini tusimupake mafuta. Kazi yake ya kwanza aliiharibu, na muji wote unaijua.

Ilikuwa mwaka wake wa pili. Alitengeneza liste ya nyumba kumi za kuanza nazo, na juu asizichanganye, alichukua kopo ya rangi nyekundu, akaandika namba kubwa kwa kila mulango. Nyekundu! Mutoto wa Bunia mwenye hajaota meno anajua ile rangi. Serikali ikikuandikia na nyekundu kwa ukuta, wanakuja kuvunja. Haungoje kuuliza. Unatoa vitu vyako.

Namba 4 ilikuwa mutaa wa Ngezi, kwa bibi muzee mumoja, Koko Vahwere, nyumba ya matofali na baraza pana, yenye mukwe wake alijenga. Papa Lambert aliandika namba siku Koko alikuwa shambani. Kisha siku mbili akarudi na masini ya foto. Akakuta nyumba haina kichwa. Mabati yote iko chini, yamepangwa. Milango imelala juu ya majani, na watoto wa Koko wako juu ya ukuta wanang'oa dirisha la mwisho. Koko mwenyewe amekaa juu ya godoro inje.

"Mama, munafanya nini?"

"Tunaokoa mabati mbele mukuje kuvunja."

"Kuvunja? Nani anavunja? Mimi ninakuja kuilinda hii nyumba!"

Koko akamuangalia kutoka viatu mpaka kalamu. "Unalinda na rangi ya kuvunjia? Shule gani ilikufundisha ile, mutoto wangu?"

Na ilikuwa mwezi wa tisa, mvua iko mulangoni. Papa Lambert alitoa shati, akapanda juu na nyundo, siku tatu, pamoja na wale vijana wa Koko. Alipiga kidole gumba cha mukono wa kushoto, na mpaka leo ule ukucha unaota upande. Akikusalimia, angalia. Koko Vahwere alimupikia kila saa sita na kumutukana katika luga tatu. Mvua ilianguka jioni ya siku ya tatu, na bati la mwisho lilikuwa limekwisha kupigwa misumari. Ile nyumba njo ilikuwa ya kwanza kuingia katika liste. Mulango wenye namba 4, Koko alikataa usafishwe. Alisema, "Ibaki pale. Akipita, aone."

Toka ile siku, Papa Lambert hajashika rangi. Anatumia kre, ile chaki ya mwalimu, alama ndogo chini ya dirisha, mvua inaiosha. Na akifika kwa nyumba hatoi karatasi, hatoi metre. Anakaa. Anaomba maji. Kisha anauliza: "Nani anafagia hapa?" Wakubwa wa Kinshasa walikuja kutembea naye siku moja, wakashangaa sana, ile ni swali gani. Lakini mwenye kufagia anajua ukuta gani unatoa vumbi, mulango gani ulihamishwa, tofali gani iko na jina ya fundi. Ile nilimufundisha mimi. Nilikuwa nimeapa sitaisema mbele ya watu.

Vita ilipofika, waliiba meza, viti, na birika yangu, nayo ilikuwa mupya. Fishi, zile karatasi ndogo zenye habari ya kila nyumba, hazikuibiwa, juu Papa Lambert alizitia ndani ya mufuko, chini ya unga wa muhogo, na kuubeba kwa kichwa kati ya watu wenye walikuwa wanakimbia. Kwa kizuizi wenye bunduki walifungua, wakaona unga, wakamuacha apite. Miaka nyingi kisha, ukifungua ile kabati, unapiga chafya. Bila ule mufuko, leo tungekuwa tunalinda majina yenye hatukumbuke.

Sasa nifike kwa Nyumba ya Mizani, juu bila ile, hii sherehe ingekuwa matanga.

Iko Mbunya, wote munaijua. Kuta ine za matofali, na katikati mizani ya chuma imesimama ndani ya simenti, kutoka wakati wa Babeleji, ya kupima kahawa. Wakulima wa Djugu walikuja na mifuko, wa Irumu walikuja na mifuko, wakapanga mustari moja. Ile mizani haikuuliza mutu jina ya baba yake. Na kisha vita, wakati watu walikuwa wanakataa kukaa kwa benchi moja, wamama walirudi pale na maharagi yao, wa huku na wa kule, juu hakuna mizani ingine yenye wote waliamini. Papa Lambert alisema kama ile nyumba inaanguka, tutabaki na mizani mbili katika muji, na tunajua ile inatufikisha wapi.

Alibeba ile dosiye miaka tisa. Ilirudi mara mbili. Kila mara neno ni moja: mushahidi wa tatu haiko, na hakuna kitu kinaonyesha kama mizani ni ile ile ya zamani. Wazee wa pale vita iliwatawanya.

Mwezi wa nane mwaka huu, niko kwa lango, ninaona wamama wa maharagi wanakuja, kumi na mbili, Martine, mukubwa wao, iko mbele. Martine hakunisalimia hata. Akaingia moja kwa moja.

"Papa Lambert, ni weye tena?"

"Mimi nini?"

"Nyekundu! Musalaba mukubwa kwa ukuta wa mizani! Mambo ya Ngezi haikukutosha?"

Aliapa mbele yetu kama miaka makumi tatu na sita hajagusa kopo. Wamama wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akakaa chini pole pole, juu kama haiko yeye, basi ni ile nyekundu ya kweli, ya kuvunja. Na ndivyo ilikuwa. Mutu mumoja alikuwa ameuziwa ile parsele, kiwanja chenye nyumba imesimama, alitaka kupandisha mabutiki, na kuvunja kulipangwa tarehe 15 mwezi wa kumi. Lakini ona sasa: ingekuwa muji mwingine, wamama wangetoa mifuko yao na kwenda. Wetu walikuja kumugombeza Papa Lambert, na vile njo alipata habari mapema. Kosa lake la ujana lilimuletea miezi mbili.

Wamama walimuambia kama muzee mwenye alipimia kahawa pale wa mwisho iko hai. Muzee Rachidi, anaishi Marabo kwa binti yake. Papa Lambert alipanda pikipiki, na ule mugongo wake wenye kuuma. Muzee Rachidi alimupokea vizuri, lakini kwa karatasi alikataa. Alisema alitia kidole mara moja kwa karatasi ya serikali, na shamba lake likaenda. Mara ya pili hapana.

Mutu mwingine angembembeleza, ao angemutisha. Papa Lambert alirudisha karatasi katika mufuko, akaomba maji. Kisha akauliza, "Muzee, nani alikuwa anafagia pale?"

Binti yake alitueleza, muzee alikuwa anakula fufu, ule ugali wa muhogo, akaacha tonge. "Nani? Mimi! Kila asubuhi, mbele mutu wa kwanza afike. Vumbi ikilala juu ya sahani, mizani inasema uongo, na mimi sikupenda uongo katika nyumba yangu." Akaanza. Alisema mpaka fufu ikapoa. Na katikati ya maneno akasema kama chini ya sahani, upande wa dirisha, alichonga mistari mitatu na patasi, moja kwa kila mutoto wake mwenye alizaliwa akiwa kazini pale, na hakuna mutu anaijua, hata bibi yake. Kisha yeye mwenyewe akauliza, "Ile karatasi yako iko wapi? Leta. Kidole gani munataka?"

Papa Lambert alirudi Bunia, akalala kwa tumbo chini ya mizani na ile shati nyeupe, mbele ya wamama wote, na taa ya telefone. Tukasikia sauti chini pale: "Moja." Taa ikasogea. "Mbili." Martine alinikamata mukono akanifinya. "Tatu!" Wamama walipiga kigelegele mpaka watu wa soko wakakimbia kuona nani anaolewa.

Dosiye ilipanda tarehe sita mwezi wa kumi. Kwa siku saba Papa Lambert hakunywa chai yangu, kitu chenye sijaona hata wakati wa vita. Siku ya kazi ilianza, ilikwisha, yeye iko kwa baraza ya wakubwa, amekaa kwa ile benchi ngumu na kofia juu ya magoti. Walimuambia, "Muzee, rudi, tutakuita." Alijibu, "Ninaishi hapa." Hata padiri aliona uvumilivu kama ule? Sijue. Tarehe 13 walitia mukono. Tarehe 15 watu wa nyundo walifika, wakakuta alama ndogo ya kre chini ya dirisha, amri ya serikali imebandikwa juu ya ule musalaba wa nyekundu, na wamama kumi na mbili wamekaa juu ya mizani. Munajua wale wamama. Mizani ilifika mwisho wa namba zake. Mwenye kununua alitukana kidogo, akaambiwa haki yake aitafute kwa mwenye kumuuzia, na Martine akamukaribisha kama iko na kitu cha kupima.

Neno la mwisho, kisha munywe.

Watoto wa marehemu Koko Vahwere walitaka kumupa Papa Lambert zawadi leo: ule mulango wa Ngezi, wenye namba 4 ya nyekundu. Nadège, mujukuu wa Koko, alileta barua hapa biro juma lililopita kuomba ruhusa ya kuutoa. Hakusema ni ya nini, juu ilikuwa siri. Barua ikafika kwa meza ya nani? Yake. Alijibu siku ile ile, kwa mukono wake: nyumba iko katika liste, hakuna kutoa mulango, hata kwa sababu nzuri. Nadège alilia, kisha akacheka. Mimi nilicheka tu.

Basi, Papa Lambert, usingoje mulango, ulijikatalia weye mwenyewe. Watoto wa Koko wametengeneza kiti, wamekiweka kwa baraza yao, kando ya ule mulango. Ni chako kila siku ya Mungu kisha misa, na chakula iko, na matusi katika luga tatu, Nadège aliyarithi yote. Asante kwa nyumba makumi mbili na mbili. Asante kwa ule mufuko wa unga. Enda pumzika na afya, na mama wa nyumba yako, na wajukuu wako, na Mungu akuongezee miaka hata shati iishe yote. Ukipita Mbunya, ingia usalimie mizani. Martine anaifagia.