Umetoka Bila Kuaga

QUSAI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MBARAKA: Nani mwenzako. Ndilo swali lenyewe hilo.

QUSAI: Namba siijui, na hapa dukani watu wamejaa. Sema wewe nani.

MBARAKA: Mbaraka.

QUSAI: Mbaraka yupi?

MBARAKA: Wa Bweni kijijini. Niliyekaa nawe dawati moja mpaka tukamaliza shule. Au unao wengi?

QUSAI: Aa. Kumbe bwana mkubwa yupo hai.

MBARAKA: Nisalimie kwanza, Qusai.

QUSAI: Nikusalimie wewe? Tangu Alhamisi napiga, simu haipatikani. Nafungua grupu la timu naona "Mbaraka ametoka". Basi. Hakuna kwaheri, hakuna jamani nimechoka. Hata kijiweni mtu akinyanyuka anaaga. Anajipangusa suruali, anasema wazee, mie naondoka. Wewe umebonyeza tu.

MBARAKA: Umemaliza?

QUSAI: Sijamaliza. Leo fainali mtandaoni. Leo hii, baada ya alasiri. Umesahau?

MBARAKA: Sijasahau. Sichezi.

QUSAI: Unacheza.

MBARAKA: Sichezi, na hata ningetaka simu sina. Hii ya bibi. Nimesimama uani kwake juu ya kinu, ndipo mtandao unapofika, jua lote kichwani. Nimepiga nikuulize kitu kimoja. Ulimwambia nini Mansuri?

QUSAI: Mansuri wa gari?

MBARAKA: Kuna mwingine anayeleta mizigo Bweni? Ulimwambia nini?

QUSAI: Alikuja kuchukua saruji, nikamwambia akufikishie salamu. Kwani—

MBARAKA: Salamu gani? Zirudie.

QUSAI: Nilisema... nilisema amwambie bibi yako akuangalie. Umebadilika. Hutaki watu, hutaki mchezo, huna raha na kitu, unakaa peke yako.

MBARAKA: Kwa bibi yangu. Bibi Mwanamkuu. Ulituma maneno hayo kwa Bibi Mwanamkuu.

QUSAI: Ningemtumia nani? Simu yako haipatikani.

MBARAKA: Qusai, umezaliwa Mafia wewe. Usijifanye umeshuka jana. Kijana hataki wenzake, hataki alichokipenda, anakaa peke yake. Kwa bibi yangu huo ni ugonjwa gani?

QUSAI: Usiniambie kasema jini.

MBARAKA: Nimeamka nakuta mwalimu wa madrasa kaketi barazani. Zafarani, sahani nyeupe, aya zimeandikwa sahani nzima, zikaoshwa kwa marashi. Kombe, bwana. Nikanyweshwa huku bibi kanishika kisogo kama mtoto asiyetaka dawa.

QUSAI: Sasa si dua tu hiyo, ina ubaya ga—

MBARAKA: Sina ugomvi na dua. Nimekunywa, nimesema amina. Ila mwalimu alipoondoka bibi akaichukua simu yangu. Akasema chanzo ndicho hiki, nacho kipate dawa. Akaitosa kwenye bakuli la kombe. Akaigeuza huku na huku, anaiosha kama samaki.

QUSAI: (sauti inabanwa)

MBARAKA: Unacheka.

QUSAI: Sicheki. Nakohoa. Vumbi la saruji.

MBARAKA: Unacheka, mshenzi wewe. Simu nimeitafuta mwaka mzima. Sasa hivi imezikwa ndani ya mchele wa bibi na inanuka marashi.

QUSAI: Basi pole. Pole sana. Sikutaka— Misumari ya bati? Ipo mzee, subiri kidogo. Sikutaka ifike huko, Mbaraka. Lakini usinigeuzie kibao. Simu imeoshwa baada ya wewe kutoka. Nilitoa maneno kwa sababu umenyamaza.

MBARAKA: Ndiyo. Nilitoka mwenyewe.

QUSAI: Kwa nini? Zain wa timu kakutukana?

MBARAKA: Hapana.

QUSAI: Ni ile mechi niliyokufokea?

MBARAKA: Ipi? Hukosi kunifokea.

QUSAI: Umepata mchumba, hataki mambo ya mchezo.

MBARAKA: Sina mchumba.

QUSAI: Bibi anaumwa?

MBARAKA: Mzima kuliko mimi na wewe.

QUSAI: Basi nipe sababu moja nikawaambie wenzio. Zain kaniuliza toka Dar, kafiwa?

MBARAKA: Sina sababu. Imekwisha tu. (mtandao unakwaruza) —sikia? Hamu imekwisha.

QUSAI: Hamu haiishi hivihivi.

MBARAKA: Imeisha hivihivi. Unakumbuka tulipowatoa wale wa Tanga? Mkapiga kelele mpaka spika inapasuka. Zain analia. Papa Potwe, Papa Potwe, jina la timu linaimbwa kama tumekomboa nchi. Mimi nimeshika simu nangoja moyo uruke. Nikangoja. Haukuruka. Nikawa nawaza kama banda la kuku nimelifunga.

QUSAI: Ulikuwa umechoka siku ile.

MBARAKA: Nimechoka miezi. Vidole vinacheza, mwenyewe sipo. Nikisikia ule mlio wa kuitwa kwenye mechi, najiona kama naitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Zamani nilikuwa naukimbilia.

QUSAI: Kila mtu anapitia. Unapumzika siku mbili—

MBARAKA: Nilipumzika. Mkaniita msaliti.

QUSAI: Tulikuwa tunatania.

MBARAKA: Siku nina homa je? Meno yanagongana, nikasema kwenye maiki jamani nina homa, natoka. Ulisema nini?

QUSAI: Nilisema pole.

MBARAKA: Ulisema jikaze mpaka mechi iishe.

QUSAI: Halafu nikasema pole.

MBARAKA: Baada ya kushindwa. Halafu hukupiga kuuliza nimeamkaje. Ulipiga kuuliza nitaingia saa ngapi.

QUSAI: Sawa. Hilo nimelibeba. Lakini—

MBARAKA: Nikafika mahali, Qusai, nasikia raha mtandao ukikata.

QUSAI: Mtandao wa Bweni unakata kila siku, nani asiyejua.

MBARAKA: Haukati kila siku.

QUSAI: Unakata. Katikati ya mechi unapotea, tunabaki watatu, tunapigwa. Nimegombana na Zain juu ya hilo. Alitaka tukutoe, nikamwambia si kosa lake, kosa la mnara. Nikakuapia.

MBARAKA: Mara nyingine ulikuwa mnara.

QUSAI: Na mara nyingine?

MBARAKA: Nilizima mwenyewe.

QUSAI: Ulizima—

MBARAKA: Nilikuwa naiweka simu kifudifudi, nakwenda kukaa na bibi jikoni. Kesho nasema mtandao.

QUSAI: Nimekuapia. Nimeapa kwa Mungu mbele ya watu kwamba mwenzangu hawezi kutuacha katikati. Na wewe uko jikoni unakula mihogo.

MBARAKA: Ningekwambiaje? Ningesema nimechoka ungesema jikaze.

QUSAI: Ungesema hata hivyo. Ungenitukana. Ungenipigia usiku ukaniambia Qusai, huu mchezo umenitoka. Mimi si Zain, sijakujua kwenye skrini. Umenifanya mjinga.

MBARAKA: Usipaze sauti, baba yako atasikia.

QUSAI: Asikie. Hapa nani ananisikia? Nafungua asubuhi, nafunga magharibi. Misumari, bati, rangi, fundi kadai, fundi kanuna. Baba anaongea na wateja, wateja wanaongea na baba. Mimi jina langu ni "hebu lete". Tangu uhamie huko hakuna mtu anayeniita Qusai mpaka niingie kwenye mechi.

MBARAKA: Kwa hiyo mechi ni yako, mimi niteseke.

QUSAI: Sijasema hivyo. Unafikiri mimi naupenda? Unafikiri mimi moyo uliruka siku ya Tanga?

MBARAKA: Ulipiga kelele kuliko wote.

QUSAI: Nilipiga kelele kwa sababu mlikuwa mnapiga. Sijali nani anashinda, bwana. Muda mrefu sijali. Mimi nilikuwa nangojea mwisho. Ile mechi imeisha, wengine wote wametoka, tunabaki mimi na wewe na maiki ziko wazi, unanisimulia kuku wa bibi yako. Hiyo tu. Nacheza yote yale ili nifike hapo. Haloo? Umezima?

MBARAKA: Nipo. Sijazima.

QUSAI: Sema kitu basi.

MBARAKA: Nimekasirika, sitaki kusema.

QUSAI: Mimi pia nimekasirika.

MBARAKA: Ungekuja. Ungepanda pikipiki ukaja ukasikia kuku mwenyewe. Toka nihamie nakwambia njoo Bweni.

QUSAI: Njia mbaya.

MBARAKA: Njia mbaya. Mansuri anapita na saruji yako kila wiki, wewe unajipitisha kwenye simu. Umenitumia ngozi mpya ya bunduki, pambo la mchezoni, sikukuu ya Idi. Ngozi ya bunduki, Qusai. Bibi kakuwekea mikate ya kumimina mpaka ikachacha.

QUSAI: Sikujua kaniwekea.

MBARAKA: Ungejuaje? Nilikwambia nikiwa kwenye maiki, ukasema nyuma yako, nyuma yako, piga. Sasa sichezi tena. Siyo leo, siyo kesho, simu ikipona isipone. Niambie. Bila mchezo mimi na wewe tuna nini cha—

QUSAI: Tuna nini cha nini? Haloo?

(Simu imekatika. Qusai anapiga yeye. Inaita muda mrefu.)

BIBI: Haloo. Nani huyo?

QUSAI: Haloo, Mbara— Shikamoo bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Sema kwa sauti, nimesogea hapa kwenye kinu alipokuwa kasimama. Wewe ndiye Qusai wa duka.

QUSAI: Ndiyo mimi bibi. Hamjambo huko?

BIBI: Hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako hajambo? Mama je?

QUSAI: Hawajambo wote. Bibi, Mbaraka yuko wapi?

BIBI: Vocha imemwishia kinywani. Kanirushia simu, kaenda kufua nazi. Anafua kwa hasira, leo zitakwisha zote. Mmegombana?

QUSAI: Kidogo.

BIBI: Kidogo, nami nimesikia toka jikoni.

QUSAI: Bibi, nataka kukwambia kitu. Maneno niliyompa Mansuri nilikosea. Mbaraka si mgonjwa.

BIBI: Najua si mgonjwa.

QUSAI: Unajua?

BIBI: Mgonjwa halali vile. Tangu aliache dude lile analala mpaka nakwenda kumtazama kama anapumua. Na chakula anakula. Nilishamwona kabla Mansuri hajashusha mizigo.

QUSAI: Sasa kombe la nini, bibi?

BIBI: Mwalimu kashakuja, kashaandika. Nimwambie ayafute maneno ya Mungu?

QUSAI: Na simu?

BIBI: Simu nimeiosha kusudi, asirudie mchezo wenu.

QUSAI: Bibi.

BIBI: Usimwambie. Wewe ndugu yake?

QUSAI: Ndugu yake.

BIBI: Basi kaa nalo. (mtandao unakwaruza) —nakuuliza unalala?

QUSAI: Nani, mimi?

BIBI: Sauti yako ndiyo ya mgonjwa. Nimeisikia imetoka kwenye kisimu hiki mpaka jikoni. Unalala usiku, mjukuu wangu?

QUSAI: Silali sana, bibi.

BIBI: Na kula?

QUSAI: Nakula nikiwa nimeshika simu.

BIBI: Haya. Kombe limebaki nusu chupa, na kombe halimwagwi ovyo. Mansuri anashuka huko kesho, nimpe akuletee?

QUSAI: Hapana bibi. Usimpe Mansuri.

BIBI: Hulitaki?

QUSAI: Nalitaka. Nakuja kulinywa hukohuko. Leo.

BIBI: Leo si mna shindano lenu alasiri? Nimemsikia anasema.

QUSAI: Ndiyo, tunalo.

BIBI: Na njia mbaya.

QUSAI: Mbaya, bibi. Nitakuja taratibu.

BIBI: Baba yako umwombe ruhusa vizuri. Na wale wa mchezo uwaage. Uwaambie kwa mdomo wako jamani, naondoka, tusameheane. Usitoke kama mwizi, kama alivyofanya huyu.

QUSAI: Nitawaaga. Bibi, mwambie Mbaraka nakuja. Na umwambie bado nimemkasirikia sana.

BIBI: Nitamwambia. Naye kasema hivyohivyo.

QUSAI: Haya bibi, wateja wananiita. Nije na nini?

BIBI: Njoo na mchele. Wangu umelaliwa na simu.