Fundo la Mpira

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na banda la fundi baiskeli, na leo hakuna aliyelikalia akatulia. Jua limeshafika utosini na kibanda cha Kinyozi bado kimefungwa, wakati yeye hufungua kabla hata kahawa haijachemka. Alfajiri aliingia ziwani peke yake kwa mtumbwi wa kuazima, fimbo yake mpya ya kuvulia, ile yenye rili ya kukunjia mshipi, ikiwa imefungwa kwenye mkono wake kwa mpira wa tyubu. Fimbo ya kwanza kambare alimpokonya, ikazama na rili yake, na sisi tukamcheka mpaka akakosa raha. Ndipo jana Fundi Baiskeli akampa ule mpira na kumfundisha fundo. Sote tulisifu.

— Amepata, akasema Afande, askari mstaafu anayejua kila kitu. — Angekosa, angeshakuja kulalamika.

— Kambare gani wa kumweka mpaka saa hizi? nikamuuliza.

— Mkubwa. Unamwachia mshipi anakimbia, unakunja rili, anakimbia tena. Wale hawachoki upesi.

— Na mshipi ukiisha kwenye rili?

Huyu Afande hunichosha. Alinyanyua kikombe akanywa kahawa. Breki, aliyeendesha malori maisha yake yote, akadakia kwamba hapo mtumbwi unavutwa tu, safari ya bure bila mafuta, na kwa hesabu zake Kinyozi ameshafika ng'ambo, anawanyoa watu wa huko. Tukacheka kidogo. Afande hataki kushindwa, akadai kambare hutembea hata kwenye matope, basi huyu atakuwa amepanda nchi kavu na kumkokota mwenzetu hadi kwenye matete, ndiyo maana simu yake haipatikani. Mimi nimeipiga simu hiyo mpaka kidole kinauma. Nilitamani kuamini hata hayo ya matete.

Fundi Baiskeli alikuwa anazungusha pedali ya baiskeli isiyo na mnyororo. Hakuwa anatengeneza chochote.

— Nililikaza sana lile fundo, akasema. — Na mpira ukilowa, halifunguki kwa vidole.

— Acha hizo, bwana, Afande akamkatiza. — Si ana kisu? Mambo yakimzidi anakata mpira, fimbo inakwenda zake, yeye anarudi na aibu yake.

Kisu! Jamani, tulikuwa tumekisahau. Kile cha mpini mwekundu, hakimtoki kiunoni, hata maembe ya watu humenya nacho. Roho zikatulia. Breki akatujazia vikombe, na Fundi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaketi.

Hatujamaliza hata funda moja, mke wa Kinyozi akatokea kwenye kona, kanga imelowa maji ya kufulia. Akatusalimia, tukaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi.

— Shemeji zangu, mwenzangu hajapita hapa?

Tukasema bado, lakini hayuko mbali. Akafungua kitambaa alichoshika, na ule mpini mwekundu ukaonekana.

— Amekisahau mezani. Sasa hao kambare atawapasua na nini?

Kikombe cha Fundi kilikuwa kimelala chini, kahawa inamwagika, na mwenyewe ameshavuka barabara anakimbilia ziwani. Shemeji akamtazama anavyokimbia, kisha akatugeukia sisi, kisu bado amekinyoosha mkononi.