Selmer Brekkhus na Barabara Pana ya Haugby

Ndugu, jamaa, majirani wa zamani, na ninyi mliotoka Fargo na Minneapolis kwa magari makubwa ambayo hayajawahi kubeba hata debe moja la ngano, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba utulivu wenu wakati maisha ya mzee wetu Selmer Brekkhus, meya wa Haugby, yakisomwa katika ukumbi huu wa shule, ambao tangu juzi tunaukwangua kinyesi cha njiwa kwa sababu kanisa halikupatikana, na kwa nini kanisa lisipatikane katika mji wenye makanisa mawili na mkazi mmoja, mtaelewa kabla hatujamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Machi 1938, hapa hapa Haugby, Dakota Kaskazini, mtoto wa tatu wa Bwana Anders na Bibi Gudrun Brekkhus, wakulima wa ngano, na kuzaliwa kwake hakuelezeki bila kuzaliwa kwa mji wenyewe, uliopimwa mwaka 1906 na tapeli mmoja mwenye kofia ndefu, aliyechora ramani yenye jumba la muziki, chuo kikuu, na barabara kuu ya kupitisha tramu mbili, zile treni za mjini, zikipishana, akawaonyesha Wanorwe walioshuka melini jana yake, nao wakaamini. Jumba la muziki halikujengwa, chuo hakikuonekana, tramu tunaisubiri mpaka leo, ila barabara ilichongwa kwa upana ule ule wa kwenye ramani, ili watu mia tatu themanini na sita waliohesabiwa mwaka 1910 wapate nafasi ya kutosha ya kutazamana kwa chuki.

Maana mwaka 1911 kanisa lao la Kilutheri lilipasuka, kisa kikiwa swali la kama Mungu humteua mtu bila sababu au kwa kuwa aliona mapema kwamba ataamini, jambo ambalo wakati ule hawakulielewa na sasa hakuna anayelikumbuka, lakini liliwatosha watu waliokuwa wakila sufuria moja kujenga kanisa la pili ng'ambo ya barabara, moja likaitwa la Kaskazini na jingine la Kusini, mlango ukitazama mlango, makaburi yakitazama makaburi, na pande zote mbili zikaandika kanuni kwa maneno yale yale, maana hata ugomvi wenyewe walinakiliana, kwamba asiye muumini wa upande huo hatazikwa humo kamwe.

Marehemu alianza masomo mwaka 1944 katika shule hii, ambako watoto wa Kaskazini walikaa upande wa madirisha na wa Kusini upande wa jiko la makaa, na kwa kuwa majira ya baridi ya huku hayajali teolojia, Selmer alikuwa akitoroka upande wake wa madirisha kwenda kuota moto karibu na binti mmoja wa Kusini, Verna Engen, aliyekuwa akimwambia, "Sogea basi, mpagani, usije ukanifia hapa." Alihitimu darasa la nane mwaka 1952, na mwaka 1954 akaajiriwa kwenye ghala la nafaka kando ya reli, akapima ngano za watu na kuvuta vumbi lake mpaka ghala lilipofungwa mwaka 1991, miaka saba baada ya reli yenyewe kung'olewa.

Tarehe 13 Juni 1964 alifunga ndoa na Verna, katika ukumbi huu huu, mbele ya hakimu wa wilaya, kwa sababu mchungaji wa Kaskazini alisema hawezi, na mchungaji wa Kusini akasema hata angeweza asingetaka, wakajaliwa watoto wawili, Lenore mwaka 1966, aliyebatizwa Kaskazini, na Dwight mwaka 1969, aliyebatizwa Kusini, kwa zamu kama mechi za marudiano, na wote wawili waliondoka mjini wiki ile ile waliyopata leseni ya udereva, wala hakuna anayewalaumu. Kila Jumapili wazazi wao walitoka nyumbani wameshikana mikono, wakifika katikati ya barabara wanaachana, yeye kulia, mkewe kushoto, na wachungaji walipokwisha kuondoka na waumini kwisha kufa, kila mmoja aliendelea kuketi peke yake katika kanisa lake tupu, jambo ambalo wageni huliona la kupendeza, na familia inaliona la kipuuzi. "Haya, bibie, wasalimie wapotofu wenzako," marehemu alikuwa akisema. "Nawe wasalimie panya," Verna akimjibu, "maana ndio waumini uliobaki nao."

Marehemu alichaguliwa kuwa meya mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2009, walipobaki wawili, yeye akawa meya na Verna akawa diwani, wakakaa vikao mezani jikoni kama katiba ya mji inavyotaka, na kila hoja iliambulia kura moja ya ndiyo na moja ya hapana, ikaanguka, hata hoja ya kukata nyasi. Mlicheka sana mliposikia habari hizo, ninyi wa Siku ya Urithi, mnaokuja kila Julai kupiga picha mbele ya duka lililoanguka, mkafuta machozi, mkasema mji wetu haufi, kisha mkaondoka kabla mbu hawajaamka.

Mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa katika hospitali ya wilaya, na wiki ya mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Verna, mimi sirudi kulala na wale wazee wa Kaskazini peke yangu, Jumapili zote nimekaa nao, inatosha, fanya ufanyavyo tulale pamoja, wewe ndiye mwenye akili," naye akafariki tarehe 9 Mei 2023, alfajiri. Siku iliyofuata Verna aliwapigia simu wadhamini wa makaburi ya pande zote mbili, akiomba pahali pa watu wawili, upande wowote, na Norval Brekkhus, mtoto wa kaka wa marehemu, alijibu kutoka Fargo kwamba, "Mama mdogo, baba mdogo karibu sana, ila wewe ni wa Kusini, kanuni ni kanuni," na binamu yake Verna mwenyewe, Ardelle Engen, akajibu kutoka Minneapolis kwamba, "Dada, wewe pahali pako papo, lakini yule wa Kaskazini, tutawaambia nini waliotangulia?" Ndiyo maana hatuko kanisani leo, na wadhamini wote wawili tunao hapa, safu ya mbele, wamevaa vizuri.

Kwa hiyo leo, Jumamosi tarehe 13 Mei, saa moja asubuhi, baraza la mji wa Haugby lilikaa jikoni likiwa na mjumbe mmoja, likajadili hoja ya kufunga barabara kuu, ambayo si mali ya kanisa lolote, na kuifanya makaburi ya mji, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2009 hoja ikapita bila kupingwa, ingawa diwani kwanza alikitazama kiti cha pili, kwa mazoea, akisubiri hapana yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, wafanyakazi wenzake wa ghala waliobaki hai, jirani yetu Duane Skaar, aliyeleta trekta kutoka shambani kwake akachimba bila kuuliza kanuni, na akina mama waliooka mikate ya viazi. Wenye magari yaliyoegeshwa katikati ya barabara, hasa lile jeupe la Norval, mnaombwa kuyaondoa sasa, maana kaburi liko pale, na pembeni yake pamepimwa pahali pa Verna, na upana umetosha, na bado umebaki wa kumtosha yeyote atakayechoka kutazama ng'ambo.

Pumzika, Selmer, hapo katikati ya njia, tramu ikija Verna atakuamsha.