Ufunguo wa Ghala la Mbao

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na ninalotaka kusema sitalirudia, maana hata mara hii moja naona haya.

Mnangoja niwagawie mbao za ghalani. Wewe kifungua mimba umeshachora duka lako kichwani, na wewe wa pili umeshawatangazia mafundi wenzako. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewaimbia tangu mkiwa wadogo kwamba akiba haiozi, na mteja akija na shida ya mlango nilimjibu kuwa mbao zile ni za wanangu, aende kwingine. Mtaa mzima nimeutambia. Juzi nilijikokota kwenda kuziaga, nikaegemea ubao wa juu, mkono ukazama mpaka kiwiko. Mchwa, wanangu. Wamekula ndani kote, wakaniachia ganda. Ndipo nilipoanguka; haikuwa presha kama nilivyowaambia. Niliwadanganya kwa aibu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Maranda wangu, kitindamimba, usijifiche nyuma ya kaka zako. Jina hilo la taka za randa nilikupa mimi kwa kejeli, ulipokuwa ukiokota vipande nilivyotupa na makreti yaliyovunjika sokoni, ukang'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe. Wateja nilikuwa nikiwaambia, "Mwacheni, anacheza huyo." Leo hakuna nyumba mtaani isiyo na kigoda chako au rafu yako ya vyombo, na kitu kikichakaa unakichukua tena, unakigeuza kuwa kingine. Mbao nilizozitupa zinafanya kazi hadi leo, nilizozifungia zimekufa. Naona haya, mwanangu, hata kukutazama siwezi.

Basi shikeni haya. Ghala lifunguliwe mchana kweupe, majirani waone, nisizikwe na uongo wangu. Ufunguo ni wa Maranda. Ubao wenye hata shubiri moja nzima ataujua yeye, na nyinyi wakubwa mtamshikia msumeno bila kununa. Msigombane kwa ajili ya vumbi. Mungu awape mikono isiyochoka, na macho... macho yasiyodharau kama yangu.

Sasa niinueni. Hapana, si kwenye kiti changu. Kile kigoda chake, pale pembeni, nilichokataa kukikalia miaka yote. Taratibu... Nishike hapa, Maranda... Kumbe hakiyumbi.