Kolini ya Mama Watoto

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na birika la kahawa halikai mbali. Wa kudumu ni watatu: Fundi mwenyewe, Kinyozi wa mlango wa pili, na Redio, karani mstaafu ambaye hazimiki. Mimi husikiliza tu. Hapo mdomo wa nne hauna nafasi. Juzi asubuhi Fundi alikuja na karatasi waliyopewa zahanati wiki iliyopita. Mkewe ana miaka hamsini na sita, hedhi imeshakoma, na vipimo vimeonyesha ini lake limeanza kujaa mafuta. Fundi alikuwa na hofu na hakuificha.

— Wamesema apate kolini, kirutubisho cha kusaidia ini, alisema Fundi. Eti mwili wa mwanamke hujitengenezea kidogo, lakini akifika umri huo unapunguza. Inabidi aipate kwenye chakula.

— Chakula gani? aliuliza Kinyozi.

— Kiini cha yai, maini, samaki, kuku, soya, maharage. Wameandika hapa.

— Maini kwa ini! alidakia Redio. Umeona? Kiungo kinapewa spea yake.

— Basi wateja wangu wenye vipara wale nywele.

— Usinivuruge, Kinyozi. Na yai liwe la kuku kijana. Kuku mzee naye siku zake zimeisha, atampa nini shemeji?

— Mzee ndiye aliyeyapitia, anamwelewa mwenzake.

— Aliyeyapitia hatagi, bwana!

— Ndiyo maana tunamla mwenyewe.

— Haya, samaki. Ini la samaki halipati shida kwa sababu haketi. Umewahi kuona samaki amekaa?

— Kwa hiyo shemeji ale amesimama?

— Amesimama, tena miguu kwenye beseni la maji.

Fundi hakucheka.

— Jamani, mke wangu anaumwa. Na mimi langu nimefanya. Jumamosi nilinunua trei nzima ya mayai na kilo ya maini.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kiatu chake kigongwe kisigino akasogea.

— Samahani, baba. Yeye amekula mangapi?

— Mangapi nini?

— Mayai.

— Asubuhi ananikaangia mawili.

— Hayo ni yako. Yeye je?

— Yeye hula baadaye, jikoni.

— Anakula nini?

Fundi alitua nyundo.

— Maini nayo alinipakulia mimi, alisema polepole. Nikamaliza, nikaomba mengine. Miaka thelathini na moja tumeoana, na sijui mama watoto anakula nini.

Aliona aibu, na sisi tukaona aibu pamoja naye. Kinyozi akamgeukia Redio.

— Wa kwako je?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Ikawa mara ya kwanza kwenye benchi lile kusikia kahawa ikichemka.