Mama Vipimo na Namba Alizozikata kwa Mstari

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Vipimo atarudisha funguo za chumba cha kompyuta cha chuo chetu. Alikuja kama mpiga chapa. Anaondoka akijulikana na wacheza gemu wa miji ambayo hajawahi kuikanyaga.

Yote yalianza na ubishi wa wanafunzi: gemu ileile, kompyuta ileile, inakwenda vizuri zaidi kwenye mfumo wa Windows au wa Linux? Mama alichoshwa na kelele, akafungua jedwali mtandaoni ili kila mtu apime kompyuta yake na kuandika imetoa picha ngapi kwa sekunde. Yeye mwenyewe gemu hachezi. Alitembea tu juu ya daraja lilelile dakika nzima, mara tatu, miwani ikimteleza puani na adui akimchapa bila kujibiwa, maana ukipigana kipimo hubadilika. Vijana walimsihi, shangazi, hata jiwe basi mrushie.

Miaka mitatu iliyopita alitangaza kwamba mifumo hiyo miwili imetoka sare. Watu wakamwamini, wengine walibadili mfumo siku hiyohiyo. Ndipo fundi redio mmoja wa mbali akauliza kwa upole, mbona kompyuta za chuo hazipiti picha sitini kwa sekunde hata mara moja? Tulimcheka, tukamwambia arudi kwenye redio zake. Mama hakucheka. Alikagua mipangilio, akakuta amesahau kuondoa kikomo kinachozuia gemu kupita picha sitini. Mifumo yote miwili ilikuwa ikigonga dari moja.

Angeweza kufuta kimyakimya. Badala yake alizikata kwa mstari namba zake mia moja na arobaini, zikabaki zinasomeka, akaandika juu yake: "Nilipima kikomo, sikupima kompyuta. Nisameheni." Wengi walilihama jedwali. Mtunza stoo wetu alimwambia mbele ya watu arudi kwenye taipureta. Wiki mbili nzima hakuna aliyeandika chochote, tukajua jedwali limekufa.

Likizo yote alipima upya, na mimi akanipa kazi ya kulinganisha namba na yule fundi redio. Jamani! Wenzetu huandikiana mashairi. Sisi tuliandikiana picha kwa sekunde, na kila namba yake ilinipa usingizi mtamu. Leo ndoa yetu ina wiki tano, na mpenzi wangu huniuliza kama nimepima mara tatu hata ninapoonja chumvi.

Waliohama walirudi mmoja mmoja. Walisema anayeonyesha kosa lake hatalificha la mwingine.

Sasa nani angelishika jedwali? Moyoni nilijua ni sisi wawili. Ijumaa iliyopita Mama alimkabidhi mtunza stoo. Nilipomwendea, alinishika mkono. "Mwanangu, wewe na mwenzio mnakubaliana mno. Hili linataka mbishi."

Mume wangu alicheka hadi machozi. Mimi nilinuna mpaka jioni, kisha nikaona kwamba hata siku ya harusi hatukupewa sifa tamu kama hiyo.

Asante, mama yetu. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na mtu wa kudai matokeo, na maisha marefu yenye raha. Ukiona namba tumeiandika kwa pupa, tupigie simu. Mtunza stoo ameshasema atakubishia.